Mashine ya Kufyonza Manyoya ya Kifurushi na Stempu

Chumba cha Cherehani,
S.L.P. 418.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, zile za kukaa mkekani na kunyoosha miguu. Nyonga inaendeleaje? Unalala upande gani siku hizi, na zile dawa za maumivu bado zinakutia kichefuchefu? Nijibu kwa urefu, usiniandikie "sijambo" moja kavu kama unavyofanya kwenye simu. Na mwanao, Chiriku wetu, je? Bado anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anaposinzia na kijiko mdomoni? Kifua chake kimetulia? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu nayataka majibu, na pia kwa sababu nina jambo zito la kukuambia na mkono haujawa tayari.

Sisi huku hatujambo kiasi. Baba goti humsumbua asubuhi, likipata joto humwachia. Macho ndiyo yanazidi kufifia. Gazeti sasa namsomea mimi, na kila nikimsomea anabishana nami kana kwamba habari nimezitunga mwenyewe. Mgongo wangu ni uleule wa fundi cherehani, umekwisha kuzoeana nami. Kazi zipo, namshukuru Mungu, hasa sare za watoto wa chekechea.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Masikio ya Baba nayo yamechoka, kwa hiyo ukipiga lazima niweke sauti kubwa, naye huvuta kiti akakaa katikati ya mazungumzo yetu kama mwenyekiti wa kikao. Ndiyo maana kila ulipouliza, "Dada, nyumba iko tayari?" nilikujibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima kabisa, mdogo wangu. Nisamehe kwa hilo kabla hujafika kwenye makubwa.

Acha nirudi nyuma kidogo. Uliponipigia mwezi wa nne kwamba utapasuliwa tarehe tatu Julai, kwamba kwa miezi mitatu hutaruhusiwa kumwinua mtoto wala kukimbizana naye, na kwamba shemeji amefungwa na mkataba wake wa kuchimba visima hadi mwisho wa mwaka, mimi hata sikukuacha umalize. Nilisema Chiriku aje kwa mama yake mkubwa. Ukanikumbusha pumu yake, na jinsi daktari alivyosema mbwa wanamfunga kifua. Hukuniambia niwaondoe mbwa wa Baba. Mimi nikajitia kimbelembele, nikakuambia siku hizi kuna mashine za kufyonza vumbi, nitatafuta iliyo bora, na hilo suala la manyoya ulisahau. Maneno hayo ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Wewe hujafika hapa tangu tulipomzika Mama, kwa hiyo mbwa wenyewe unawajua kwa picha. Kifurushi ni yule mkubwa mweupe, manyoya marefu, mwoga kupita kiasi. Stempu ni mdogo wa kahawia, akikuona umekaa anakuja kukugandama mguuni. Majina ni ya Baba, na nani mwingine angewaita mbwa hivyo? Mtu amesambaza barua miaka thelathini na mmoja, ameng'atwa na mbwa mara nne na kuraruliwa suruali mbili za kazi, kisha anastaafu na kuanza kuwapikia uji. Lakini unakumbuka hali yake baada ya msiba. Siku zilipita, sahani narudisha jikoni kama nilivyoipeleka. Siku wale wawili walipomfuata kutoka sokoni wakalala mlangoni kwetu, kesho yake aliamka mapema kuwatazama kama bado wapo. Mpaka leo ndilo jambo la kwanza analofanya akiamka.

Sasa manyoya. Nilidhani nayajua kwa sababu naishi nayo, kumbe nilikuwa nimeacha kuyaona. Nilipoanza kuyatafuta kwa ajili ya Chiriku ndipo nikashika kichwa. Yako kwenye zulia, kwenye mapazia, kwenye siagi. Nimeyakuta ndani ya saa ya ukutani, na sijui yaliingilia wapi. Bibi harusi mmoja alijaribu gauni lake hapa, akavuta unywele mweupe kutoka kwenye bitana akaniuliza kwa upole kama ni wangu. Nikamwambia ndiyo. Bora aseme fundi anazeeka kuliko aseme gauni limelaliwa na mbwa. Fagio halisaidii kitu, linayarusha juu tu, yanakaa hewani kidogo kisha yanashuka polepole pale pale ulipofagia.

Mashine ya kwanza niliichagua kijinga, nakiri. Ilikuwa ndogo, nyekundu, nyepesi kubeba, na muuzaji alisema inavuta hadi changarawe. Nikaanzia chumba cha cherehani, maana ndiko Stempu anakoshinda. Sikukumbuka kwamba sakafu ya fundi ina pini kuliko vumbi. Zilikuwa zinagonga ndani ya bomba na mimi nafurahi, najua inafanya kazi. Nyuzi zikajisokota na manyoya kwenye brashi ya kuzunguka mpaka ikakwama, nikaikata kwa mkasi, nikaendelea. Halafu pini zikatoboa mfuko wa ndani. Kumbe hizi mashine zinavuta mbele na kupumulia nyuma, na mimi nilikuwa nimeinamia mbele. Nilipogeuka, manyoya ya miezi miwili yalikuwa yamerudi chumbani yote kwa pamoja, yametanda juu ya sare ishirini na sita za rangi ya samawati. Baba alisimama mlangoni akauliza kama kuna moshi.

Safari ya pili nikaamua kwenda na ushahidi. Nilikata kipande cha zulia la zamani, nikajaza manyoya kwenye mfuko, nikaenda duka kubwa la vyombo vya umeme na kumwambia muuzaji mwenye tai kwamba sinunui mpaka nione kwa macho. Alidhani natania. Nikatandika zulia langu sakafuni mwake, nikamwaga manyoya, nikayakanyagia yashike kama yanavyoshika nyumbani. Watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja alikuja kunong'ona akitaka kujua sufi hiyo nauza kwa kilo au kwa mfuko.

Lakini nakuambia, siku hiyo nilijifunza. Ile isiyo na waya ilikuwa nzuri, ila betri ilikata pumzi kabla hatujamaliza zulia moja, seuze nyumba. Ile ya mviringo inayojiendesha yenyewe, muuzaji mwenyewe aliniuliza kazi yangu, nilipomwambia mimi ni fundi akaiondoa, maana ingejinyonga na nyuzi zangu siku ya kwanza. Nyingine ilivuta kwa nguvu sana mpaka ikanyanyua zulia zima na manyoya yakabaki juu yake yametulia. Iliyoniteka moyo ilikuwa ya nne, ya waya mrefu, nzito kidogo. Brashi yake ina mapezi ya mpira badala ya nywele, kwa hiyo manyoya hayajifungi. Haina mfuko, ina tangi unaloliona kwa nje, na chujio lake linafuliwa na kukaushwa kutwa nzima kabla ya kurudishwa. Muuzaji akaniruhusu nikae nayo wiki moja, isiponifaa nirudishe. Nadhani alitaka tu niondoke na zulia langu.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa na furaha ya kijinga. Kwanza nilipita na sumaku sakafu nzima kuokota pini, kisha nikaiwasha. Tangi likajaa mara moja, nikamwaga, likajaa tena. Zulia la sebuleni kumbe lina maua, mdogo wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba lina maua. Chumba chako cha zamani, ambacho ndicho nimemwekea Chiriku, nilikipitia mara mbili kwa siku, godoro, pazia, mpaka juu ya kabati. Baba naye alikuwa anasaidia kuliko siku zote. Nikimaliza tu anaomba tangi akalimwage yeye, eti nisiiname na mgongo wangu. Nikasema moyoni, mzee amekubali mambo.

Kasoro ilikuwa moja. Kifurushi alikuwa haisikii sauti ya ile mashine bila kukimbia, na alipochagua pa kujificha alichagua chini ya kitanda cha Chiriku. Nafyonza huku, anatetemeka kule, na akitetemeka ndipo anapopukutika zaidi. Nikafunga mlango wa chumba. Kesho yake nikakuta manyoya mapya ndani. Nikaufunga kwa ufunguo. Yakawepo vilevile. Nilianza kujitilia shaka akili.

Jibu nililipata Jumatano. Nilitoka kupeleka sare za chekechea nikarudi mapema, nikasikia cherehani yangu inalia. Nilikimbia, maana mtu wa macho yale na sindano ile si mchezo. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti changu, ufunguo wa chumba uko mezani, anashona mto mdogo kwa vipande vya kitambaa chenye picha za bata nilivyokuwa nimetupa. Mshono ulikuwa umekwenda kila upande. Mto wenyewe ulikuwa mweupe ndani, mwororo, umejaa.

Yale matangi hakuwa anayamwaga, mdogo wangu. Manyoya alikuwa anayaweka. Na kila nikitoka alikuwa anawaingiza mbwa chumbani kwa Chiriku kuwachana, kwa sababu dirisha lile lina mwanga mzuri, anaona kidogo. Manyoya yote aliyafua kwa sabuni kwenye ndoo, mara tatu, akayaanika chini ya chandarua.

"Daktari alisema ni vumbi la mbwa ndilo linalomfunga kifua," akaniambia. "Vumbi nimelitoa lote. Alalie hili, azoeane na wenzake taratibu."

Nilimwambia mshono wa pembeni umelegea, nikakaa nikaukaza. Ndiyo, niliukaza. Mikono ilifanya tu. Aliuchukua akaenda kuuweka kitandani mwenyewe, akaunyoosha, akatoka.

Kesho yake jirani yetu muuguzi alikuja kuchukua sketi yake ya kazi niliyoipunguza kiuno. Nilimwonyesha chumba cha mgeni wetu kwa majivuno kidogo, kwa sababu kilikuwa kinang'aa. Akaushika ule mto akauliza una nini ndani. Nilipomwambia aliurudisha kitandani, akaninong'oneza tutoke chumbani. Kule ukumbini akaniuliza habari za kifua cha Chiriku, nikamweleza yote uliyonieleza, na ile mara aliyolazwa siku nne. Ndipo akanifungua macho. Manyoya tunayoyaona siyo tatizo hasa. Tatizo ni vile vipande vya ngozi ya mbwa na mate yake yaliyokauka, vidogo mno, vimeingia kwenye magodoro, kwenye mapazia, kwenye majora yangu ya vitambaa. Mashine inapunguza, haimalizi.

"Mtoto mwenye kifua kama hicho mimi nisingemlaza humu," alisema. "Hata mbwa wakiondoka leo, nyumba hii itataka miezi."

Nilimuuliza mara mbili, nikidhani nimesikia vibaya. Akajibu vilevile mara mbili.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa muuza mbao wa barabara ya juu, nikamwomba awachukue Kifurushi na Stempu. Alikubali. Baba hajui hata leo. Nilikuwa natembea na jambo hilo kifuani, sijui nitamwambiaje, sijui ataamka kutazama nini asubuhi. Muuguzi aliposema kwamba hata kuwaondoa hakutafaa kitu kwa tarehe tatu, moyo wangu ulitua. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi kwamba sitalazimika kuwatoa. Niliingia jikoni nikaweka maji ya chai, na yalipochemka ndipo nikakumbuka kwamba hicho ninachokifurahia ndicho kinachomwacha mwanao bila pa kwenda. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Aibu ile bado ninayo, nimeona bora nikuandikie kuliko niifiche.

Kwa hiyo nasema wazi. Usimlete Chiriku kwangu. Mimi niliyesema aje ndiye ninayesema asije, na zimebaki wiki tatu pungufu.

Nimezungusha kila njia. Nikija mimi kwako, Baba atabaki na nani? Juzi aliacha jiko linawaka akatoka na mbwa. Nikija naye, hao wawili hatawaacha, na wewe una chumba na sebule, tena kifua ni kilekile. Kupanga chumba kingine hapa mtaani nikawa na Chiriku huko, na Baba huku, na kazi huku? Nimefikiri mpaka nimeishiwa.

Amebaki mtu mmoja, na unamjua. Mama mkwe wako ana nyumba safi, hana hata kuku, na anampenda yule mtoto kufa. Najua alivyokuambia mbele za watu kwamba hujui kulea, na najua uliapa hutamwomba hata maji. Ningekuwa na kingine cha kukupa nisingelitaja jina lake. Ikibidi nimpigie mimi nitampigia, nitajishusha kwa niaba yako, nimbembeleze mpaka nichoke. Niambie tu ndiyo. Usinijibu kwa hasira siku utakayoisoma barua hii, ngoja kesho yake.

Kilichobaki ni Baba. Sijaweza kumwambia. Wiki ya majaribio imekwisha na mashine sijairudisha, kwa sababu siku nisipoiwasha ataniuliza kwa nini. Kila asubuhi naiwasha, napita sebuleni, anainua miguu yake miwili kwa utaratibu, kisha ananikumbusha nisisahau chini ya kitanda cha mtoto. Na mimi nakwenda kufyonza chini ya kitanda cha mtoto. Chujio nalifua, nalianika. Mdomo umekuwa mzito, mdogo wangu. Nikiufungua nauliza kama anataka chai.

Msalimie sana shemeji akipiga simu, mwambie visima hivyo vitoe maji upesi arudi. Msalimie mama wa chumba cha pili anayekupelekea maji bafuni, mwambie namwombea. Mbusu Chiriku mashavu yote mawili na umwambie mama mkubwa anamkumbuka, neno hilo ni la kweli halina mashaka. Nawe Mungu akuingize mikononi mwa daktari aliyelala vizuri, akutoe salama, akusimamishe tena kwa miguu yako miwili.

Nilikuwa nataka kutia sahihi hapa, lakini Baba ameingia na mkongojo wake akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua kwako. Amefurahi mno, unajua heshima aliyonayo kwa barua. Ameketi mbele yangu. Macho yake hayasomi tena, ndiyo maana nimeacha karatasi wazi. Anataka nimwandikie mjukuu wake neno kwa herufi kubwa, na amesema atangoja nimalize kisha nimsomee. Nimeandika, na nimemsomea:

CHIRIKU, ZIMEBAKI SIKU KUMI NA TISA. BABU.

Sehemu hiyo usimsomee mtoto.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kwa leo sina kingine cha kukupa,

Fundi.